Salamu za Baba

Baba yangu hakuwa mtu wa maneno njiani. Alikuwa mchuuzi wa samaki, na samaki hamsubiri mtu anayeulizia hali za wajukuu wa jirani. Ndiyo maana mwaka 2016, nilipokuja likizo Tanga, nilishangaa: kutoka kwetu Ngamiani hadi soko la Deep Sea, kila baada ya nyumba chache anasimama, anasalimia, anauliza ya nyumbani, anauliza ya shamba. Mama alifurahi. Alisema uzee umemlainisha.

Asubuhi moja nilifuatana naye nikamtazama usoni. Zile salamu zilikuwa kisingizio. Shavu la mguu wa kushoto lilikuwa likimkaza akitembea, anasimama, linaachia, anaendelea hadi mlango mwingine.

"Baridi yabisi tu, mwanangu," aliniambia. Mtaa mzima ulikuwa umeafiki, na chupa ya mafuta ya karafuu ilikaa chini ya kitanda kwa ajili hiyo. Nilimbembeleza twende hospitali. Alikubali, nadhani, kwa kuwa siku ile bahari ilichafuka na samaki hawakuwepo.

Kwenye benchi la kusubiri tulimkuta dada mmoja na kichanga mapajani. Mguu wake mmoja ulikuwa umevimba hadi pajani, umewiva. Shangazi yake alishatoa hukumu: matende. Pwani yetu neno hilo halimshangazi mtu. Daktari, mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, alipita, akautazama mguu ule, akauliza umeanza lini. Tangu juzi. Yule dada akaingizwa ndani kabla yetu sote, na foleni ikaanza kunung'unika. Muuguzi alitujibu kwa ukali kidogo: matende hayaji kwa siku mbili. Mguu mmoja ukivimba ghafla kwa mtu aliyetoka kujifungua, kwanza huhofiwa damu imeganda kwenye vena, mshipa unaorudisha damu moyoni, na bonge hilo likichomoka likafika mapafuni, mtu hufa ndugu wakiwa bado wanatafuta nauli. Foleni ikanyamaza.

Mguu wa Baba ulikuwa kinyume kabisa. Ulikonda, ukapoa, vinyweleo vimekwisha kuanzia kifundoni, ngozi inang'aa.

"Mzee wangu, ukisimama, maumivu yanachukua muda gani kuisha?"

"Salamu mbili, daktari."

Daktari alicheka, lakini aliandika. Akauliza kama anaumia akisimama tu bila kutembea. Hapana. Je, usiku huamka kwa maumivu, akalazimika kuuning'iniza mguu nje ya kitanda? Bado. Baridi yabisi, alisema, haikusubiri utembee ndipo iume, wala haikuachii kwa kusimama tu. Msuli unaotembezwa hudai damu zaidi, na mshipa uliosinyaa hauna ya kuongeza.

Alitafuta mapigo kwa vidole viwili, juu ya wayo, kisha nyuma ya fundo la ndani la mguu. Alikaa hapo muda mrefu, macho ameyafumba. Mwisho alipaka jeli, akaweka kifaa kidogo chenye spika. Mkononi kilikuwa kikipiga kwa nguvu, fwap-fwap. Kwenye mguu wa kushoto kikatoa mvumo mdogo, fuu, fuu. Akapima presha ya mkono, 150. Ya kifundo cha kushoto, 80. Akagawanya nyuma ya cheti: 0.53. Kwa mtu mwenye mishipa mizima, alisema, hesabu hiyo huwa 1 au zaidi kidogo. Ikishuka chini ya 0.9, ateri za mguu, mishipa inayoupelekea damu, zimeziba mahali.

Nilidhani tumemaliza, nikaanza kukusanya viatu vya Baba. Daktari akamlaza chali, akabonyeza tumbo juu ya kitovu kutafuta mshipa mkubwa uliotuna, maana wavutaji sigara wa umri wake huupata. Hakuuona. Akauliza kifua kama hubana akipanda ngazi. Halafu: ulimi kuwa mzito, mkono kulegea, jicho kuzimika?

"Jicho, ndiyo," Baba alisema, kama mtu anayekumbuka deni dogo. "Mfungo uliopita. Nilikuwa napima samaki changu, likashuka pazia, nikawa naona kwa jicho moja. Mteja hajaondoka, likafunguka."

Mimi nilikuwa nasikia kwa mara ya kwanza. Daktari aliweka kalamu chini.

"Jicho lipi?"

"La kushoto."

"Na mkono wa kulia, haukufa ganzi?"

Swali lile lilinichanganya, na yeye akaliona usoni mwangu. Mshipa wa shingo, alieleza, hulisha jicho la upande wake, na pia nusu ya ubongo inayoongoza mwili wa upande wa pili. Akaweka stetoskopu shingoni, akamwambia Baba azuie pumzi. Alisikia mvumo. Tulikuja kwa mguu, tukaondoka na barua ya rufaa ya kwenda Dar kupimwa shingo.

Huko altrasaundi ilionyesha ateri ya kushoto imekuwa nyembamba. Mtaalamu alisema pazia lile lilikuwa onyo la kiharusi, na hatari yake kubwa huwa siku na wiki za mwanzo. Hapo ndipo upasuaji wa kuusafisha mshipa unapofaa zaidi. Kwa kuwa miezi ilishapita, walimwanzishia aspirini ndogo, dawa ya kushusha lehemu na ya presha. Atembee hadi shavu la mguu liume, apumzike, atembee tena. Na sigara ziishe. Dawa alizimeza bila ubishi. Kwenye sigara alitaka wapatane bei.

Mama alinyamaza njia nzima ya kurudi. Tulipofika Segera, abiria wakishuka kununua machungwa, ndipo akamgeukia.

"Jicho limezimika, nawe hukusema?"

"Lilirudi."

"Na mimi ungeniambia lini?"

Baba alitazama dirishani, akaagiza machungwa. Mama aliingiza mkono kwenye mfuko wa shati la Baba, akatoa pakiti ya sigara, akampa kijana wa machungwa juu ya malipo.

"Bibi, bado imejaa," kijana akasema.

"Basi itupe," Mama akamwambia. "Usivute."