Sampu ya kawaida au drai sampu: uamuzi wangu kwa Subaru ya barabarani na ya dragi

Gari langu ni Impreza WRX yenye injini ya EJ20, na lina kazi mbili. Siku za wiki hunipeleka kazini kupitia msongamano wa Barabara ya Thika, na siku za mashindano hukimbia robo maili, yaani mita 402. Injini ilipofunguliwa ili iwekewe pistoni na konrodi za metali iliyofuliwa kama afuavyo mhunzi (forged), jambo nililolitafakari kuliko tabo na klachi lilikuwa namna oili itakavyozifikia beringi za kranki, yaani mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni kupitia konrodi, bila kukatika. EJ20 imekuwepo tangu 1989, kwa hiyo mafundi wanayajua maradhi yake vizuri, na mengi kati ya hayo huanzia kwenye oili.

Gari likiondoka kwa mchapuko unaolingana na mvutano wa dunia, uso wa oili ndani ya sampu, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini, huinama kwa digrii 45 na oili hukimbilia ukuta wa nyuma. Mdomo wa bomba la kufyonzea ukibaki wazi hata kwa nusu sekunde, pampu huvuta hewa, na utando mwembamba wa oili unaoitenganisha beringi na kranki hukatika wakati uleule ambapo konrodi zimebeba mzigo mzito kabisa. Mwisho wa mbio dereva akikanyaga breki, oili yote hurudi mbele, na hatari ni ileile. Juu ya hayo, silinda za injini hii zimelala kushoto na kulia, na vichwa vyake viko karibu usawa mmoja na kranki, hivyo oili iliyokwenda kulainisha kamshafti hairejei kwenye sampu kwa wepesi kama ilivyo kwenye injini iliyosimama.

Wengi hukimbilia kununua pampu kubwa, na hapo ndipo ninapotofautiana nao. Pampu ya oili ya injini za EJ inazungushwa na kranki moja kwa moja, na ukubwa wake hutajwa kwa unene wa rota yake, ambapo ile ya milimita 12 husukuma oili nyingi zaidi kuliko ya milimita 10. Ongezeko hilo linafaa ikiwa nafasi za beringi, yaani upenyo kati ya beringi na kranki, zimepanuliwa, lakini pampu kubwa inayofyonza kutoka kwenye sampu isiyo na vizuizi vya kuizuia oili kukimbilia upande mmoja humaliza oili ya chini haraka zaidi kuliko inavyorejea kutoka juu, huku ikiipasha moto na kula nguvu ya injini. Kubana springi ya valvu ya presha nako hakuongezi kiasi cha oili ambacho pampu yenyewe husukuma. Hupandisha tu kiwango cha presha ambacho valvu hufunguka. Nilichagua ya milimita 12 kwa sababu beringi zangu zina nafasi ya takriban milimita 0.05 kwenye shingo za kranki zenye kipenyo cha milimita 52. Kabla ya kuifunga, fundi aliitoa bati ya nyuma, akazipaka skrubu zake gundi ya nyuzi na kuzikaza upya, kwani skrubu hizo hujulikana kwa kulegea na kupunguza presha polepole.

Fedha nyingi zaidi niliziweka chini ya pampu. Bomba la kufyonzea la kawaida la EJ huweza kupasuka pale lilipolehemiwa, na ufa mdogo tu unatosha kuingiza hewa, kwa hiyo nililibadilisha kwa bomba nene zaidi. Sampu mpya ina uwezo mkubwa na vibamba vyenye vilango vinavyoruhusu oili kuingia kwenye chumba cha kufyonzea na kuizuia kutoka. Fundi aliweka donge la plastisini kwenye sakafu ya sampu, akaifunga pamoja na gasketi yake, akaifungua tena na kulipima donge lililobonyezwa na mdomo wa bomba. Nafasi ilikuwa milimita 9. Ingekuwa finyu sana, pampu ingekabwa, na ingekuwa pana sana, mdomo ungeachwa wazi mapema.

Drai sampu niliifikiria kwa dhati, kwa sababu ndiyo suluhisho kamili. Sehemu kadhaa za pampu ya nje hunyonya oili kutoka chini ya injini na kuipeleka kwenye tangi refu, na sehemu nyingine huisukuma hadi kwenye beringi, hata gari liiname vipi. Pia hupunguza shinikizo la hewa ndani ya injini na kuzisaidia ringi za pistoni kuziba vizuri. Lakini inadai mkanda wake wa mbele, mabomba mengi, mahali pa tangi na oili nyingi ambayo huchelewa kupata joto asubuhi, na kwenye gari langu ingenilazimu kuondoa kiyoyozi. Kwa gari linalobebwa kwenye trela hadi uwanjani ningeichagua bila kusita. Kwa gari la kila siku, niliongeza mtungi wa akiba wenye pistoni ndani, hewa ikiwa upande mmoja na oili upande wa pili. Presha ya injini ikishuka, hewa huisukuma oili hiyo kuelekea kwenye beringi kwa sekunde chache, na muda huo unatosha kuvuka mshtuko wa kuondoka. Asubuhi hufungua valvu yake kabla ya kuwasha, ili beringi zisianze kavu.

Taa ya oili ya kiwandani siitegemei kamwe, maana huwaka presha ikiwa imekaribia sifuri. Nimeweka kihisi kinachorekodi presha pamoja na mizunguko ya injini, nikifuata kanuni ya zamani ya psi 10 (pauni kwa inchi ya mraba, kipimo cha presha) kwa kila mizunguko 1,000 kwa dakika, yaani psi 70 kwenye 7,000. Baada ya kila mbio huangalia sehemu mbili za mchoro huo, kuondoka na breki, na presha ikionyesha shimo popote kati ya hizo, gari halirudi kwenye mstari mpaka sampu ifunguliwe.