Barua ya Mama Mbaazi

Jana usiku binti yangu aliniwekea daftari juu ya meza ya jikoni, pembeni mwa unga wa mahamri, akasema, "Mama, nitajie mbinu tatu za lugha za kumshawishi msomaji." Ameandika moja, mbili, tatu, na mbele yake hamna kitu. Yuko Gredi ya Tisa.

Nikamwambia takriri, kulirudiarudia neno. Nikamwambia swali la balagha, lile lisilongoja jibu. Nikafungua kinywa kutaja chuku, yaani kutia chumvi, neno likanikwama.

"Ya tatu ngoja kidogo," nikamwambia, "mahamri yanaungua."

Hayakuwa yakiungua. Mafuta yenyewe hayakuwa yamepata moto.

Ile nyumba ya Majengo, hapa Mombasa, tulimokaa nilipokuwa msichana, mwaijua, nimeshaisema mara ngapi. Chumba cha tatu mkono wa kushoto, karibu na mlango wa uani, ndicho kilikuwa cha Mama Mbaazi. Jina lake la haki tuliache. Watoto wake wapo, na mmoja husoma haya ninayoyaandika. Mumewe alikuwa Jeddah, dereva wa nyumba ya watu. Mwaka ni 1991. Vita vya Ghuba vilikwisha Februari, lakini kila mwenye mtu wake Uarabuni alikuwa bado akilala na redio.

Mimi nilikuwa kidato cha pili, na ndimi karani wa ukumbi mzima. Mama Mbaazi alikuwa amehitimu Kurani tangu udogo wake, hati za Kizungu ndizo zilizompita. Kwa hivyo kila mwezi aninunulia ile karatasi nyembamba ya buluu, unaiandika ndani kisha unaikunja ikawa bahasha, naye ananilipa mahamri mawili na mbaazi za juu. Mshahara mzuri. Sijapata tena kazi iliyolipa vile.

Sasa, muhula ule mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa akitusomesha mashairi ya Muyaka bin Haji, mtu wa papa hapa Mvita, ndiyo Mombasa, aliyezaliwa 1776 akafa 1840. Alitupigia picha ya ugomvi wa Wamazrui, waliokuwa watawala wa Mombasa, na Seyyid Said, sultani wa Omani na Zanzibar, na huyu mtu katikati yake hana jahazi wala bunduki, ana tungo tu, na tungo zake zinapita mjini mdomo kwa mdomo. Kisha akageukia ubao akaandika: takriri, balagha, chuku, nidaa. Nilitoka darasa lile kama aliyekabidhiwa panga na akaambiwa asilikatie kitu.

Usiku wenyewe stima ilikuwa imepotea. Kandili iko chini, mimi nimelala kifudifudi kwenye mkeka, karatasi nimeitandika juu ya kitabu cha hesabu. Mama Mbaazi amekaa na ungo mapajani, achambua mbaazi za asubuhi. Vidole vyake havikuhitaji taa. Vilikuwa vikipita kwenye ungo, vikasita, na kijiwe kikaruka kikalia tak! kwenye sinia. Kanga yake ilikuwa imefuliwa mpaka maandishi yakatoka, huwezi kujua ilikuwa ikimsuta nani.

"Mwandikie hatujambo sote. Mwandikie pesa za mwezi jana zilifika." Tak. "Mwandikie ada ya muhula bado. Bati la jikoni lavuja. Basi."

"Basi?"

"Basi. Wataka nini tena?"

"Humwambii arudi?"

Akacheka kidogo, hakuinua uso. "Akirudi tule nini?"

Nililisikia neno lile vizuri sana. Nililiweka katika fungu la maneno ambayo watu wazima husema ili wasilie. Nina miaka kumi na tano, nimesoma Muyaka, wewe utaniambia nini?

Nje muuza kahawa akapita na dele lake, vikombe vyamlia mkononi, na pale ndipo nilipoona barua yote. Kitindamimba wa Mama Mbaazi, wa miaka miwili na kitu, wiki ile alikuwa amemwita muuza kahawa "baba". Alikuwa ametoka usingizini, akaona kanzu mlangoni, likamtoka. Wanawake wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mara moja, Jumanne.

Nikaandika: *Mwanao kila jioni humkimbilia muuza kahawa akimwita baba. Je, baba ni yule aletaye pesa, au ni yule apitaye mlangoni? Mkeka wako umekunjwa, rudi. Kikombe chako kimeota vumbi, rudi. Mlango wako hauna wa kuubisha, rudi.*

Nikamsomea. Sauti niliitengeneza, najua niliitengeneza. Nilipofika rudi ya pili, tak zilikuwa zimenyamaza. Mkono wake ulikuwa umezama kwenye mbaazi mpaka kifundo na hautoki.

"Kila jioni?" akauliza.

"Ni lugha, khalati."

"Ilikuwa Jumanne."

"Huitwa chuku. Mwalimu asema hutiwa ili neno lipate nguvu."

"Na hicho kikombe mie n'lishampa mtu."

Sikuwa na jina la mbinu hiyo. Nikanyamaza. Mdudu alikuwa ameingia kwenye chemni ya kandili akigonga kioo. Mama Mbaazi akamtazama mdudu, akatazama kitanda ambako mtoto amelala, mguu mmoja nje ya chandarua.

"Hebu soma tena pale pa mkeka."

Nikasoma pa mkeka.

Akachukua ncha ya kanga akajipangusa chini ya pua, kama mtu aliyepatwa na mafua ghafla. "Iache," akasema. "Karatasi yenyewe ghali, utafuta nini sasa?"

Mpaka leo sijui aliiacha kwa sababu ya karatasi au kwa sababu ya mkeka. Nikaikunja, nikaramba ukingo wa gundi, na kesho yake nikaipeleka Posta ya Digo Road nikitokea shule.

Kitabu cha binti yangu kina kisanduku cha rangi kinachosema kwamba Aristotle, yule Mgiriki, aligawa ushawishi mafungu matatu: anayesema ni nani na anaaminikaje, hoja yenyewe imekaaje, na anayesikiliza ameguswaje moyo. Nilipokisoma jana nikapiga hesabu yangu. Aliyeaminika ni Mama Mbaazi, jina lake ndilo lililokuwa chini. Hoja zilikuwa zake pia, ada na bati, na zote zilikuwa zikimwambia mume abaki huko huko afanye kazi. Mimi nilitia lile fungu la tatu peke yake. Likayameza mawili.

Yaliyobaki ni mafupi. Baada ya wiki tisa teksi ilisimama mlangoni, mume akashuka na mablanketi mawili ya Saudia na redio kaseti. Kule, wakati ule, aliyekuajiri ndiye aliyeshika ruhusa yako ya kutoka na ya kurudi, humwita kafili. Kafili wake alimpa ya kutoka. Ya kurudi hakumpa. Mtoto alimwona babake akapiga ukelele, akajificha nyuma ya pipa la maji. Tulikula pilau siku mbili.

Jioni ya tatu alikaa barazani. Muuza kahawa akaja, vikombe vikalia, na yule mtoto aliyekuwa akichezea vifuniko vya soda hata hakugeuka. Baba mtu akanunua kikombe, akanywa. Akanunua cha pili. Kisha akaniangalia mimi, niliyekuwa nimesimama kizingitini na ndoo. Au ndivyo nikumbukavyo; imepita miaka zaidi ya thelathini, na mwaijua tabia yangu ya kutia chumvi.

Ramadhani ilipofika pesa zilikuwa zimekwisha. Redio iliuzwa, blanketi moja likafuata. Yeye akawa akienda bandarini kutafuta kibarua, leo yupo kesho hayupo. Mama Mbaazi alitoka pishi mbili za mbaazi akaenda nne, na zile tak za usiku zikawa zinatukuta sote tumeshalala.

Hakuniambia kitu. Hata jicho hakunikunjia. Kisha siku moja akaniita uani: "Njoo na kalamu yako." Alitaka tumwandikie kafili amchukue tena mume. "Na uweke yale yako," akasema, "yale ya rudi, rudi."

Nikamweleza kwamba kafili husoma Kiarabu, na rudi yangu haivuki bahari ile. Tukaenda kwa ustadhi wa madrasa. Ustadhi akavaa miwani akaandika ukurasa mmoja mzuri, mistari imenyooka kama safu ya swala: salamu, udhuru, ombi, dua. Mimi nimekaa nyuma yake ninahesabu. Hakuna takriri. Hakuna chuku. Nikamuuliza, kwa adabu, mbona hakuweka balagha hata moja.

Akacheka mpaka miwani ikateleza. Akanieleza kwamba balagha si yale maswali tuliyofundishwa shule. Kwa Waarabu balagha ni elimu nzima ya usemi, na shina lake ni kufika. Ndilo shina hilo hilo la kubaleghe: mtoto amefika. "Neno likifika pale ulipolituma, ndiyo balagha," akasema, akaifunga bahasha.

Bahasha ilikwenda kwa rejista. Hatukupata jibu. Tukangoja mfungo ukaisha, Idi ikaisha, masika yakaja bati likavuja vile vile. Kila nikitoka shule napita kwa Mshihiri wa dukani, mwenye sanduku la posta, naye ananitikisia kichwa kabla sijauliza.

Usiku mmoja nilimkuta Mama Mbaazi na ungo wake, mume amelala, kandili imepunguzwa utambi. Nikakaa. Akachambua kwa muda mrefu.

"Yule ustadhi wako," akasema, "hajui kuandika."

Sikujua nicheke au niombe radhi. Nikauvuta ungo upande wangu nikaanza kutafuta mawe.

Leo asubuhi nimeamka nimekuta daftari limejazwa bila mimi. Ya tatu ameandika tashbihi, kaipata kwenye simu. Chini yake kaweka mifano yake mwenyewe, na wa swali la balagha unasema hivi: *Kwani ni lazima mahamri yaungue kila nikimuuliza mama kitu?*