Dawa ya harufu ya banda la kuku ni vitu vikavu

Ile harufu kali inayowakera majirani ni amonia, gesi inayobeba naitrojeni na kuruka nayo hewani, yaani mbolea ambayo ingekwenda kwenye matembele yako. Kinyesi cha kuku kina naitrojeni nyingi na kaboni kidogo, hivyo kiongezee vitu vikavu vyenye kaboni, ambavyo hapa Dar vimejaa: maranda ya mafundi seremala, majani makavu ya mwembe, maboksi yaliyochanwachanwa. Ila maranda ya mbao zilizotiwa dawa au rangi yaache hukohuko.

Tafadhali, usimwage majivu wala chokaa kwenye kinyesi kibichi. Wengi hufanya hivyo wakidhani wanakata harufu, kumbe vyote viwili huifukuza amonia itoke kwa wingi zaidi. Chuchumaa bandani mpaka pua yako ifike usawa wa kichwa cha kuku. Macho yakikuwasha, kuku wako wanateseka usiku kucha. Tandika maranda unene wa sentimita 10 hadi 15, yageuze kwa reki, na toa yaliyoloana karibu na chombo cha maji.

Kinyesi na maranda unayotoa bandani yarundike yaoze yawe mboji. Lundo liwe mita 1 kila upande na kwenda juu; likiwa dogo joto halikai. Kinyesi kitupu ndoo 1, makavu ndoo 3. Kama kimeshachanganyika na maranda, anza na ndoo 1 kwa 1 kisha ifuate pua: amonia ikinuka, ongeza makavu. Chota konzi moja uikamue. Tone moja au mawili yanatosha. Maji yakichuruzika, lundo litaoza bila hewa na kunuka vibaya. Ndani ya siku chache katikati panatakiwa pawe pa moto kiasi cha kushindwa kuacha mkono. Geuza kila wiki, ya nje yaingie ndani, mpaka lisipate joto tena, kisha liache miezi 2 au 3.

Wakati wa masika lifunike kwa turubai, na liwe mbali na kisima, maana mchanga wetu hupitisha maji upesi sana.

Maganda ya ndizi na machicha ya nazi ni sawa kuyatia kwenye lundo. Mabaki ya nyama na samaki huita panya. Ugali ulioota ukungu usiwape kuku, kwani sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, huharibu ini.

Mboji iliyoiva ni nyeusi na hainuki kinyesi. Ndoo ya lita 20 inatosha tuta la mita 5 za mraba. Ikiwa mbichi huunguza mizizi, na mchicha unaweza kubeba vijidudu vya salmonela hadi jikoni.