Alama ya kidole
Mama aliyeniletea vile vigae alikuwa amevifunga kwenye kitambaa kama mtu aliyebeba mayai. Vilikuwa saba, mabaki ya sahani ya kauri ya bibi yake, nyeupe yenye maua ya buluu. Alitaka kishaufu cha kuvaa shingoni, na kigae alikwisha kukichagua: kile chenye ua zima.

Kauri ni ngumu. Tupa ya chuma huteleza tu juu yake. Hutobolewa kwa keekee yenye ncha ya almasi, ndani ya maji, taratibu. Maji huipoza ncha na kulituliza vumbi, kwani vumbi lile lina madini ya silika, adui wa mapafu. Siku ile niliacha maji yapungue huku nikikandamiza. Nikasikia "tik!" Ua likagawanyika katikati.

Nilimpigia simu jioni ileile, sauti ikinitetemeka. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Tumia kingine, mwanangu. Vyote ni vya bibi."

Usiku nikavigeuza kimoja kimoja chini ya taa. Kimojawapo kilikuwa na petali mbili tu, lakini mgongoni, karibu na kitako cha sahani, palikuwa na doa dogo la mviringo lisilong'aa. Nilipapasa: pakavu, pana mkwaruzo, na glezi, ule utando wa kioo unaoing'arisha kauri, imejikusanya pembeni mwake kama tone la machozi lililoganda. Hapo ndipo mfinyanzi aliposhika sahani akiichovya kwenye glezi. Vidole vyake viliizuia isishike, kisha tanuri likaihifadhi alama ile pamoja na maua. Nilikaa nayo mkononi muda mrefu.

Safari hii sikutoboa. Nilizungushia kigae ukanda mwembamba wa fedha kwa kipimo, nikakitoa, nikaulehemu ukanda kwenye bamba la mgongoni bila kigae ndani, maana moto wa kulehemu ungekipasua. Kwenye bamba nilikata dirisha ili alama ionekane. Ndipo nikakirudisha na kuulaza ukanda juu ya kingo zake, huku kidogo, kule kidogo, nikishikilia pumzi.

Alipokuja nilimwonyesha petali kwanza, kisha nikageuza na kumweleza lile doa. Alilitazama sana. Akakivaa kishaufu, maua yakiwa yamegusa kifua chake, doa likiwa nje.

"Maua nimeyaona tangu utotoni," alisema. "Huyu ndiyo kwanza tunaonana."