Sahani Zenye Herufi L

Nilikuwa na miezi mitatu tu katika maabara ya kuotesha seli nilipokabidhiwa kazi ambayo niliiona nyepesi: kutenganisha kwa tripsini, kimeng'enya kinachoachanisha seli, seli za sehemu ya mbele ya tezi ya pituitari ya panya, ile iliyo chini ya ubongo, kuzigawa katika sahani sita, kisha kutia kichochezi cha ukuaji kiitwacho FGF-2 katika tatu na kuziacha tatu zilizobaki bila kitu. Niliyokuwa nikiyafuatilia hasa ni mabadiliko ya seli za folikulostelati. Hizi hazitoi homoni yoyote kati ya zile zinazoipa tezi hii umaarufu wake, lakini hukaa katikati ya seli zinazozitoa na kuzipelekea ishara. Tena ni katika seli za aina hii, zilizotoka kwa ng'ombe, ndimo VEGF, kichochezi cha mishipa ya damu, kilimotambuliwa mwaka 1989. Kwangu mimi hilo lilitosha kuamini kwamba kila kinachotokea katika tezi hiyo huanzia kwenye kimiminika kinachozizunguka seli.

Siku ya tatu niliinamia hadubini. Katika sahani zisizo na kichochezi seli zilikuwa duara kama shanga, zimejikunyata na kushikana mafungu mafungu. Katika zile nyingine zilikuwa zimetandaa na kutoa mikono mirefu, myembamba kiasi kwamba ililazimu kuchezea mwanga ndipo uione, na mkono wa seli moja ulikuwa umeufikia wa jirani yake. Moyo ulinidunda. Nikaandika daftarini kwa wino kwamba FGF-2 hubadili umbo la seli za folikulostelati.

Mwalimu wangu alizitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

"Mwanangu, hizi umezipanda juu ya nini?"

"Juu ya sahani, mwalimu."

Alinyanyua sahani moja na kuigeuza taratibu, akanionyesha herufi L iliyoandikwa ukingoni kwa kalamu nyembamba. Sahani tatu zenye kichochezi nilizichukua katika rundo ambalo mwenzetu alikuwa amelipaka laminini, protini ambayo mwilini seli huishikilia, kwa ajili ya jaribio lake. Tatu nyingine zilikuwa plastiki tupu. Nilikuwa nimebadilisha mambo mawili kwa wakati mmoja, na sifa yote nikaipa moja.

Tulirudia kwa makundi manne: plastiki na laminini, kila moja ikiwa na kichochezi na bila kichochezi. Seli zilizokaa juu ya laminini zilinyoosha mikono hata pale ambapo sikutia tone la FGF-2, na zile za plastiki zilibaki shanga. Ndipo mwalimu akaniambia nizuie integrini beta 1, kipokezi kilicho kwenye utando wa seli ambacho huishika laminini na kupeleka habari ndani, kwa kutumia kingamwili. Seli zilizokuwa juu ya laminini zikaacha kutandaa. Nakumbuka nilivyorudi kwenye hadubini mara nne asubuhi ile, kwa kuwa sikuamini kwamba seli inaweza kuwa na sakafu chini yake na bado isijue kwamba ipo.

Mwalimu hakuniacha nikimbilie upande wa pili na kuvipuuza vichochezi. Alinieleza kwamba FGF-2 yenyewe hushikwa na heparani salfati, mnyororo wa sukari uliomo katika matriksi (utandu ulio nje ya seli, ambamo laminini nayo imo), ambayo huihifadhi na kuisaidia kushikamana na kipokezi chake, kwa hiyo anayeuliza kipi kati ya hivyo viwili kinaiongoza seli ameshavitenganisha vitu ambavyo ndani ya tezi hukaa pamoja. Maelezo hayo niliyapenda kuliko jibu nililokuwa nikilitafuta.

Jioni nilifungua daftari, nikaukata kwa mstari mmoja ule msemo wa wino, bila kuufuta, kama sheria ya maabara inavyotaka. Kando yake nikaandika tarehe, aina ya sahani, na neno laminini, na mwalimu akatia sahihi chini yake.