Picha 2,000 za mjomba asiyeona

Mjomba wangu wa Tanga presha ya macho ilimmaliza taratibu, kufika 2021 akawa haoni kabisa. Simu anatumia kwa TalkBack, ile sauti ya simu inayomsomea kilichopo kwenye skrini, na spidi ananishinda, shida ikabaki kwenye picha. Huyu mtu alikuwa anapenda kupiga picha balaa, anazo kama 2,000 hivi, ila akiingia humo anasikia tarehe na saa, tarehe na saa, na zile za WhatsApp ndo kabisa, IMG-20190614-WA0012. Nikamwambia mjomba si tuzifute upate nafasi? Alininunia siku mbili.

Basi likizo nikakaa nae barazani. Kwanza nilitafuta app inayoelezea picha yenyewe, ikawa inamwambia watu watano wamesimama nje karibu na mti. Akasema "mjomba, watu watano hata mahabusu wapo." Nikaanza kuandika mwenyewe, Google Photos unafungua picha unaswaipu juu unakuta sehemu ya maelezo, nikaweka shati la bluu, ukuta mweupe, pikipiki kwa nyuma, najiona mtaalamu kweli. Akanikatisha tena. Rangi za mashati za nini, yeye anataka nani, wapi, shughuli gani, na nani kafumba macho maana hapo ndo anapochekea.

Sasa kasheshe, mimi nusu ya hao watu siwajui! Ikabidi kazi igeuke, namwambia naona mama mmoja mnene kashika sinia, pembeni kuna dogo kanzu inamburuza, anakaa kimya kidogo halafu "ahaa, hiyo Pangani, harusi ile mvua ilituharibia pilau" na hapo hanyamazi dakika tano nzima. Kuandika yote hayo siwezi jamani. Nikafungua grupu la WhatsApp la watu wanne wa nyumbani, natuma picha na kapsheni ya mstari mmoja, halafu nairiplai ile picha kwa voisi noti ya mjomba mwenyewe anavyosimulia. Akipita hapo anasikia kapsheni, anagonga mara mbili kwenye voisi, anajisikiliza na kucheka peke yake.

Vitu vilivyonisumbua: sauti ya kusoma maandishi ibadilishe iwe ya Kiswahili kwenye setingi, ile ya Kiingereza ikisoma mtaa wa Raskazone utadhani ni jina la dawa. Tarehe kwenye majina ya picha za WhatsApp pia usiziamini, inaweza kuwa siku picha ilipoingia kwenye simu na sio ilipopigwa, na ukituma kawaida WhatsApp inaondoa taarifa za mahali, kwa hiyo picha mpya tunamtumia kama dokumenti. Halafu yale maelezo ya Google Photos ukimtumia mtu picha kwa WhatsApp hayaendi nayo, ndo maana kapsheni narudia kuandika upya, inachosha ila ndo hivyo.

Mpaka sasa tumefika 300 na kitu. Kuna moja ya mwanamke kasimama stesheni ya reli, kilemba cha njano, anacheka na anayempiga picha. Nimemwelezea mara tatu, anasema hamjui kabisa. Mara ya tatu akauliza kwanza mkewe yuko jikoni au katoka, nikamwambia katoka, akasema basi hiyo usiifute, na kwenye grupu usiitume.