Slaidi za malaria zilitoka nyekundu: jinsi nilivyotatua

Nasoma biolojia Marekani. Kule udaktari unausomea ukishamaliza shahada ya kwanza, na vyuo vinapenda kuona umejitolea mahali na umeshika utafiti. Likizo nikaenda kujitolea kwenye maabara ya zahanati moja Malawi.

Slaidi za tone zito, yaani tone nene la damu linalopakwa rangi ili kutafuta malaria, zilikuwa zinatoka zimewiva uwekundu. Mgonjwa anatetemeka kwa homa, ila hadubini haionyeshi kimelea. Lawama zote zilikwenda kwa hadubini, maana ni kuukuu. Nikaomba slaidi ya zamani iliyokuwa chanya, nikaitazama kwa lenzi ya mafuta: vimelea hao, peupe kabisa. Basi hadubini haikuwa na tatizo.

Nikageukia maji ya kuchanganyia Giemsa, ile rangi ya kupaka damu. Vidonge vya bafa, vinavyoshikilia kiwango cha asidi cha maji, vilikuwa vimekwisha, wakawa wanatumia maji ya mvua. Karatasi ya pH, kipimo cha asidi ambacho kikishuka asidi imezidi, ikasoma karibu 6. Kwenye utafiti wetu chuoni damu ya panya tunaipaka rangi kwa pH 6.8, tukihesabu seli tu. Malaria inataka 7.2. Maji yakiwa na asidi, eosini, ile rangi nyekundu iliyo ndani ya Giemsa, inatawala na buluu inafifia.

Mtaalamu wa maabara, ambaye alishayashuku maji, akapata chumvi za fosfeti hospitali ya wilaya. Tukatengeneza bafa, tukachuja rangi, tukapaka Giemsa ya asilimia 10 kwa dakika 10. Slaidi ya kwanza tu: vimelea kama pete za buluu, kila moja na nukta yake nyekundu.

Sasa pH inapimwa kila asubuhi kabla rangi haijachanganywa.